Saa Bubu Ilivyoniumbua

Ningekuwa na uwezo, siku ile ningeifukia kwenye shimo lililokwisha mali na kuweka mawe juu yake, lakini haiwezekani, kwa sababu watu zaidi ya sitini waliishuhudia, na mmoja wao ni Mabula, mwenzangu wa kazini, ambaye kila anapoisimulia anaongeza kitu (juzi nimesikia eti nilianguka nikazimia, na si kweli, niliketi tu chini). Kwa hiyo naona afadhali niisimulie mwenyewe, aibu yote niibebe kama ilivyo, bila nyongeza.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Tulizaliwa Didia, baba akatuleta huku upande wa Geita kufuata dhahabu, na shimo likamfunika mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu. Mama akaanza kuugua, naye akafariki kabla ya miaka miwili kwisha. Nikaacha shule mtihani wa darasa la saba ukiwa mlangoni, nikabaki na wadogo zangu wawili: Minza, ambaye sasa ana miaka kumi na saba na yuko kidato cha tatu, na Sayi, kitindamimba wetu. Ndugu walitaka kutugawa kama vyombo, huyu aende Ushetu, yule abaki hapa, nikakataa, nikasema tutakaa watatu. Tumekaa watatu mpaka leo.

Kazi iliyotuweka mjini ni winchi. Kwa asiyejua, shimo la dhahabu sisi tunaliita duara, na juu ya duara kuna mashine yenye kamba ya chuma inayoshusha watu na kupandisha mifuko ya mawe. Chini kuna kamba nyembamba inayopanda mpaka kwenye kengele iliyo karibu na sikio langu. Kengele moja, simama. Mbili, pandisha. Tatu, shusha. Ukikosea umeua mtu, na mimi kwa miaka mitano sikukosea hata mara moja. Mzee Masanja, mwenye duara, alikuwa anasema mbele za watu kwamba Shija hana moyo, ana jiwe, na mimi nilikuwa nafurahi kuitwa jiwe, maana mwenye jiwe haondolewi kwenye winchi.

Ukweli niliujua peke yangu. Nikishika mpini wa ile mashine moyo unanienda mbio kama wa sungura, viganja vinatoka jasho, na kila kengele ikichelewa naona kamba imekatika, namwona fulani anakwenda chini, namwona na mkewe nyumbani. Nikilala naisikia kengele. Nikila naisikia. Sikumwambia mtu, ningeanzia wapi.

Basi mwaka jana, kipindi cha likizo ya shule, wakaja wataalamu kutoka chuo kikuu. Kiongozi wao alikuwa Dokta Rehema, mama mpole mwenye miwani, anayeongea taratibu kama anayembembeleza mtoto. Walitaka kujua wachimbaji wanaishije ndani ya vichwa vyao, na mawazo yanafanya nini kwenye mwili. Kwanza walijaribu kutuuliza maswali kwenye karatasi, wakashindwa. Sisi Wasukuma ukituuliza hali, tunajibu kwanza "mhola", yaani shwari, hata kama nyumba imeungua. Habari ya nyumba inakuja baadaye, watu wakishakaa. Sasa Dokta Rehema anauliza unalalaje, mhola, chakula kinapanda, mhola, unajisikiaje moyoni, mhola, watu ishirini na nne hivyo hivyo, mpaka akavua miwani akacheka, akasema ndiyo maana amekuja na vipimo, kwa sababu mwili haujui kusalimia.

Wakatukata nywele kidogo kisogoni (nywele, alisema, zinatunza kumbukumbu ya taabu za miezi iliyopita, na hapo wawili waliokuwa kwenye foleni wakaondoka kimya kimya kwa jinsi wanavyoogopa mambo ya nywele zao kubaki kwa watu). Wakatutemesha mate kwenye vichupa. Wakatuvika kofia yenye nyuzi kama buibui, ukae umefumba macho, upumzike, usiwaze chochote. Jaribu wewe. Mtu amekwambia usiwaze chochote, mimi nikawaza sare ya Sayi iliyochanika, nikawaza kamba ya winchi, nikawaza kwamba kofia inaniona nikiwaza kamba ya winchi, na nikifumbua jicho moja naona mistari kwenye kompyuta inaruka kama kuku aliyekanyagwa.

Mwisho wakatufunga mkononi mkanda mweusi wenye kidude kama saa, ila hakina namba wala mshale. Mabula akakiita saa bubu siku hiyo hiyo. Ulikuwa unahesabu mapigo ya moyo, usingizi na mwendo, tuuvae siku saba bila kuvua, na pembeni una kitufe: kila unapopata mawazo, bonyeza. Kila mtu akapewa namba yake ya siri. Yangu ilikuwa kumi na nne. Dokta alisisitiza tusimwambie yeyote, majibu yatatolewa kwa mtu mmoja mmoja, hata mwenye duara hatayaona.

Hapo ingeishia vizuri kama Mabula asingekuwepo duniani. Tulipokuwa tunarudi kazini akaniambia kuna duara moja huko mbele, hao hao wataalamu au wenzao walipima, na waliokutwa na mawazo wakatolewa kwenye mitambo yote, wakapelekwa kuponda mawe. Nikamuuliza nani kakwambia. Akasema inajulikana. Na mimi, mtu mzima, nikaliamini neno "inajulikana" kuliko neno la daktari.

Jioni nikauangalia ule mkanda, nikaona unanisikiliza. Nikahesabu mapigo yangu mwenyewe nikapoteza hesabu. Nikainua macho nikamwona Minza ameinama anaosha sufuria huku anaimba kwa sauti ndogo ya puani, kama kawaida yake, na nikajisema moyoni, kama kuna mtu mtulivu katika wilaya nzima ni huyu. Minza hagombani, Minza hasumbui, ukimuuliza habari za kutwa anasema nzuri kaka. Nikamwita.

Nikamwambia kuna mkanda wa afya, avae siku saba anisaidie, asiuvue, na asimwambie mtu. Akauliza kile kitufe ni cha nini. Nikamwambia ni cha kubonyeza ukipata mawazo, ila wewe huna mawazo, kwa hiyo usihangaike nacho. Akanyoosha mkono. Nikamfunga. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo kiasi hicho, haukumaliza hata dakika mbili.

Asubuhi nikagundua kasoro: kazini watu wataniuliza mkanda uko wapi. Nikachukua mpira wa tairi la ndani la baiskeli, nikakata kipande, nikashonea kifungo cheusi cha koti la zamani, nikavaa. Kwa mbali huwezi kutofautisha. Na kwa kuwa uongo ukishakuwa na nguo unataka kutembea, nikaanza kujisifu. Mabula akilalamika kwamba chake kimebonyezwa mpaka kimechoka, mimi nainua mkono namwonyesha kifungo cha koti, namwambia tangu nifungwe sijabonyeza hata mara moja. Siku ya tano nikapitiliza kabisa. Tulikuwa tunakunywa uji, nikasema mbele ya watu kumi na zaidi kwamba matokeo yakitoka watafute namba kumi na nne, watajua maana ya utulivu. Hakuna aliyenilazimisha. Namba ya siri niliitangaza mwenyewe, kwa mdomo wangu, uji ukiwa mkononi.

Siku ya nane nikamvua Minza mkanda, nikamrudishia Dokta Rehema kwa mikono miwili kama mtu mwaminifu.

Wiki mbili baadaye wakarudi. Wakafunga turubai karibu na duara, kazi ikasimama mchana ule, na kwa kuwa kulikuwa na pilau na soda familia nazo zikaalikwa. Minza akaja na Sayi, wakakaa nyuma kwenye benchi la wanawake. Mimi nikakaa mbele, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya sifa zangu. Dokta akasema majibu ya kila mtu yako kwenye bahasha, lakini kwanza atatuonyesha kwenye shuka jeupe mifano michache, haina majina, ni namba tu, na namba anazijua mwenyewe aliyepewa.

Mfano wa kwanza ulikuwa mtu mwenye afya, mstari umelala kama barabara ya lami. Watu wakanigeukia, Mabula akanipiga bega. Mimi nikatabasamu kwa heshima. Wa pili ukaja, na juu yake imeandikwa kumi na nne.

Ule haukuwa mstari, ulikuwa milima. Dokta akachukua kijiti akaanza kuuelezea kwa ile sauti yake ya kubembeleza, na laiti angekuwa anapiga kelele ningeumia kidogo. Akasema mwili wa mtu huyu haujui kupumzika. Usiku anaamka mara nne, mara tano, ananyanyuka, anatembea hatua chache, anarudi. Mchana ana nafuu. Lakini tazameni, kila siku ikifika saa kumi alasiri moyo unaanza kupanda, hana kazi anayofanya, amekaa tu, na unapanda, unapanda, kisha saa kumi na mbili na dakika chache unashuka ghafla kama mtu aliyetua mzigo. Kitufe amekibonyeza mara thelathini na tisa, karibu zote kati ya saa hizo.

Turubai zima lilikuwa linanitazama mimi. Hakuna aliyecheka. Na ile hali ya kutochekwa ndiyo iliyonitisha, kwa sababu waliokaa pale ni watu ninaowashusha kila siku, na sasa wanaona aliyeshika kamba yao halali. Mzee Masanja akasimama polepole, akavua kofia.

"Dokta, samahani. Huyu kumi na nne ndiye anayenishikia winchi?"

Dokta akamjibu kwa ukali kidogo kwamba namba ni siri na hatamjadili mtu. Mzee akasema ya siri ni hizo nyingine, hii ameitangaza mwenyewe kwenye uji. Akanigeukia, na nikaona kabisa kazi yangu inaondoka, naona na mengine yote nyuma yake, Ushetu, vyombo vinavyogawanywa, Minza kwa huyu na Sayi kwa yule.

Nikasimama. Nikasema, "Si yangu hiyo."

"Si yako vipi?"

"Mkanda hakuvaa mtu. Nilimfunga mbuzi."

Sijui nilipomtoa mbuzi. Nadhani nilitaka kiumbe ambacho hakiwezi kuulizwa swali. Dokta Rehema akasogeza miwani, akanitazama kwa masikitiko ya kweli, akauliza: "Kaka Shija, mbuzi amebonyeza kitufe mara thelathini na tisa?"

Ninawaambia, turubai lilikaribia kung'oka. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mabula alilala kifudifudi kwenye benchi. Mtu akauliza mbuzi anawaza nini saa kumi alasiri, mwenzake akajibu anawaza sikukuu. Mama mmoja akamwagikiwa soda. Kisha Mabula akainuka akanishika mkono, akauinua juu watu wauone, maana nilikuwa nimezoea kile kipande cha tairi kiasi kwamba hata baada ya kurudisha mkanda wa kweli niliendelea kukivaa, akakivuta, kifungo cha koti kikachomoka kikabingirika mpaka miguuni kwa Mzee Masanja. Mzee akainama akakiokota. Hakucheka. Alikigeuza geuza, akanitazama.

Ni katikati ya kelele hizo Minza aliposimama kule nyuma. Sikumsikia mwanzoni, niliona tu wanawake wananyamaza mmoja baada ya mwingine, kimya kikaja mbele mpaka kwangu.

"Mkanda nilivaa mimi," akasema. "Kaka alinipa. Alisema nisibonyeze, lakini dada mmoja wa hao wataalamu alipopita nyumbani kuuliza familia maswali, alieleza kwamba mwenye mkanda akipata mawazo abonyeze, basi nikawa nabonyeza."

Dokta akamwambia, mwanangu, si lazima useme hapa, kaa, tutaongea wawili. Minza hakukaa. Alikuwa hamtazami Dokta, ananitazama mimi. Nikamuuliza, na nilimuuliza kama mjinga, saa kumi kuna nini.

"Saa kumi naanza kukusubiri," akasema. "Baba naye alisema anarudi saa kumi na mbili."

Hapo ndipo nilipoketi chini, kwenye vumbi, si kwenye benchi.

Nililitazama tena lile shuka. Kulikuwa na siku moja, Alhamisi, mlima wake haukushuka saa kumi na mbili, uliendelea kwenda juu na kwenda mbele mpaka kama saa mbili. Alhamisi ile mashine ilizima, tukawapandisha watu kwa mikono mmoja mmoja, nikachelewa. Nilifika nyumbani nikamkuta Minza jikoni anakoroga mboga, nikamuuliza habari za kutwa, akasema nzuri kaka, nikasema haya, nikala, nikalala. Sikungoja hata kidogo nione kama baada ya ile nzuri kuna neno jingine linakuja. Mimi mwenyewe Msukuma, najua linakuja. Na zile safari zake za usiku nilikuwa nazisikia nikidhani anakunywa maji. Kumbe anakuja mlangoni kusikiliza kama napumua.

Miaka yote nilijiona mimi ndiye ninayebeba, na kwamba kwa kuwa sisemi, hawajui. Mtoto wa miaka sita aliyekuwa amekaa kizingitini siku ile ya baba, hakuna aliyewahi kumwambia anaweza kuondoka pale.

Pilau lilipakuliwa, sikula. Mzee Masanja aliniita pembeni ya winchi, na nilianza kumweleza habari za mawazo, kwamba ninayo, ndiyo, lakini sijawahi kukosea, akaninyamazisha kwa mkono.

"Sikuondoi kwa sababu ya mawazo," akasema. "Nina watu kumi na wanane chini ya ardhi, ningekosa mawazo ningekuwa mwendawazimu. Nakuondoa kwa sababu umenidanganya, na kazi yako ni kengele. Mtu wa kengele akidanganya mara moja, mimi sitasikia tena sawasawa."

Nilikabidhi funguo za mashine mchana ule ule, na kesho yake nikaanza kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kazi ya vumbi na kelele na ya kipato kidogo, ile ile niliyoiogopa Mabula alipoitaja. Kwa hiyo nilidanganya ili nisiende kwenye mawe, na uongo ndio ulionipeleka kwenye mawe. Watu wakanipa jina, Baba Mbuzi, na watoto wa shule wakinipita wanalia kama mbuzi, nami nawaitikia shikamoo zao kwa utaratibu.

Dokta Rehema alinifunga mkanda mwingine, safari hii mkononi mwangu, na akaukagua kwa kuuvuta. Majibu alinipa kwenye bahasha, tumekaa wawili. Yalikuwa milima vilevile. Nilidhani atashangaa, akaniambia moyo unaokwenda mbio si moyo wa mwendawazimu, ni moyo uliozoea kulinda na haujaambiwa zamu imekwisha, na kwamba mambo hayo yanatibika, mengine kwa kuongea tu na anayejua kusikiliza. Kuna muuguzi wa kazi hiyo kwenye kituo cha afya. Tunakwenda mimi na Minza, kila wiki mbili. Mara ya kwanza tulikaa nusu saa nzima tukijibu mhola, muuguzi anasubiri tu, kalamu mkononi, hana haraka. Kisha Minza akaanza kuongea, akaongea mpaka nikaona aibu ya aina nyingine, ya mtu aliyeishi nyumba moja na mwenzake miaka kumi na moja bila kumjua.

Karasha inafunga saa tisa. Saa kumi ninakuwa nimeshanawa, nimekaa mlangoni nabangua karanga, na Minza anasoma, na kama nimetumwa mahali namwambia ni wapi na nani atanirudisha. Usiku mwingine bado anaamka. Nikisikia hatua zake namwambia kwa sauti kwamba nipo, naye anarudi kulala.

Jana Mzee Masanja alinisimamisha njiani akauliza kama nikirudishiwa winchi nitaweza. Zamani ningesema ndiyo kabla hajamaliza. Nilimwambia anipe siku tatu, nikaulize nyumbani. Akanitazama sana, kisha akasema chukua hata nne.

Siku ya kwanza nimeitumia kuandika haya. Bado sijamuuliza Minza, naogopa kidogo, na mikono inatoka jasho kama zamani. Lakini nimeapa: sitamfunga tena mtu mwingine mapigo yangu, na akinijibu nzuri kaka sitanyanyuka, nitakaa hapo hapo nikibangua karanga mpaka aseme lililobaki.